Mgomba wako una njaa, na mtoto wako pia

Mapema mwaka huu alinijia katika kliniki yangu hapa Nairobi baba mmoja kijana, amembeba mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa ameletwa mjini siku mbili kabla kutoka kwa nyanyake huko Kisii, naye alikuwa akiendesha. Kuendesha si jambo geni kwa mtoto aliyebadilishiwa maji. Lililonishtua ni kimo chake. Nilipomsimamisha ukutani nikamkuta ana urefu wa mtoto wa miaka miwili. Mashavu yalikuwa yamejaa, wala hakuwa mtoto wa kuonewa huruma barabarani. Baba yake akaniapia kwamba kule nyumbani chakula hakikosekani: asubuhi ni ndizi, mchana ni ndizi, na jioni ni ugali kama si ndizi tena.

Nilipokuwa nikiandika dawa, yule bwana alitoa simu mfukoni. "Daktari, nimesikia nawe una shamba. Hebu nitazamie migomba hii, mimi imenishinda."

Katika picha niliona majani machanga membamba, yenye ncha kali, na milia ya manjano iliyokaribia weupe ikipishana na milia ya kijani. Mkungu ulikuwa mdogo, na vidole vyake vimejipinda. Alikuwa ametuma pesa kwa M-Pesa mara mbili ili mama yake anunuliwe "dawa ya virusi" iliyopendekezwa na muuzaji wa duka moja la agroveti. (Msomaji, dawa ya kuponya mgomba ulioingiwa na virusi haipo. Ukiuziwa, umeuziwa maji.)

Nilitabasamu, kisha nikanyamaza. Kwa macho tu mtu hawezi kuapa, iwe ni kwa mtoto au kwa mgomba. Lakini kama ningelazimishwa kutaja jambo moja lililowapungukia wote wawili, ningetaja zinki.

Huenda ukauliza daktari wa watu anatafuta nini katika shamba la migomba. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna shamba nyumbani mnalolilima kwa simu, na hapo hapo mna mtoto au mpwa anayelelewa na wazee kwa mazao ya shamba hilo hilo. Ya pili ni kwamba jambo hili la zinki wakulima walilijua kabla yetu sisi madaktari. Mwaka 1926 wataalamu wawili nchini Marekani, Anna Sommer na C. B. Lipman, walionyesha kwamba mmea hauwezi kukamilisha maisha yake bila zinki. Sisi madaktari tulizinduka miaka 35 baadaye. Daktari Ananda Prasad, aliyekuwa akifanya kazi Shiraz nchini Iran, aliletewa kijana wa miaka 21 aliyeonekana kama mtoto wa miaka 10. Kijana huyo na wenzake wa kijijini walikula mkate mtupu, na walikuwa na mazoea ya kula udongo. Prasad alichapisha habari zao mwaka 1961, na uchunguzi uliofuata huko Misri ukathibitisha kwamba walipungukiwa na zinki.

Hapo nawakumbuka akina mama wetu wanaotafuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni. Nikiona mama mjamzito ana odowa kwenye mkoba simkaripii. Nampima damu.

Turudi kwa migomba. Mmea unahitaji vyakula vya aina mbili. Kuna vile unavyokula kwa wingi, kama naitrojeni, fosforasi na hasa potasiamu, ambayo mgomba huila kwa pupa. Kisha kuna vile unavyohitaji kwa kiasi kidogo mno: zinki, boroni, chuma, shaba, manganizi. Hivi vya pili havionekani kwenye gunia la DAP wala la CAN. Mkulima anaweza kumwaga magunia miaka kumi, mgomba ukashiba upande mmoja na kufa njaa upande wa pili. Tena fosforasi ikizidi katika udongo huuzuia mmea kuipata hata ile zinki kidogo iliyopo. Mwenye nia njema ya kuongeza mbolea huwa anaongeza tatizo.

Nalijua hili kwa sababu lilinipata. Nina robo ekari ya migomba nyuma ya nyumba ya wazazi wangu. Miaka kadhaa iliyopita niliambiwa kwamba udongo wetu mwekundu una asidi nyingi. Bila kupima chochote nikanunua chokaa, nikaimwaga kama mtu anayepaka ukuta rangi. Juu yake jivu la jikoni liliendelea kutupwa pale pale, kama lilivyotupwa tangu enzi za babu. Msimu wa pili majani yakaanza milia. Nikadhani ni mnyauko ule wa bakteria uliothibitishwa magharibi mwa Kenya mwaka 2006, nikamwagiza kijana wa shamba ang'oe mashina yote. Bahati nzuri alikuwa mvivu. Kabla hajaanza, nilipeleka udongo kwenye maabara ya KALRO pale Kabete, na majibu yakaniaibisha: asidi nimeiua yote, na zinki nimeifunga ndani ya udongo ambako mizizi haiwezi kuichukua. Mimi ambaye kila siku nawagombeza wagonjwa wanaomeza antibayotiki bila kupimwa!

Kwa hiyo jifunze kutofautisha. Mnyauko wa bakteria hulegeza na kukausha majani, huivisha ndizi kabla ya wakati, na ukikata shina au kidole unaona usaha wa rangi ya manjano. Huo hauna mbolea ya kuuponya, na mwite afisa wa kilimo upesi. Upungufu wa zinki huonekana kwanza kwenye majani machanga: membamba, yenye milia, na mara nyingi jani linapofunguka huwa na rangi ya zambarau upande wa chini. Upungufu wa boroni hulifanya jani lijikunje na kushindwa kufunguka vizuri, na ukiligeuza utaona mistari inayokatiza mishipa badala ya kuifuata. Upungufu wa chuma hulifanya jani changa liwe la manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, na aghalabu hutokea palipo na chokaa nyingi. Ikiwa ni majani ya zamani, ya chini, ndiyo yanayogeuka manjano kwanza, usikimbilie hivi vidogo. Huenda ni njaa ya potasiamu au naitrojeni, au ni ugonjwa mwingine.

Tiba, basi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Tamil Nadu, India, nchi inayoongoza duniani kwa kulima ndizi, hupendekeza kunyunyizia majani mara tatu, katika mwezi wa tatu, wa tano na wa saba baada ya kupanda. Katika kila lita ya maji hutiwa gramu 5 za salfeti ya zinki, gramu 2 za salfeti ya chuma, gramu 2 za salfeti ya shaba na gramu 1 ya asidi ya boriki. Kwa bomba la lita 20 hiyo ni gramu 100 za zinki na gramu 20 tu za boriki. Angalia ile "tu". Kati ya boroni inayotosha na boroni inayoua mmea pengo ni jembamba sana, na mkono wa kukadiria kwa kijiko haufai. Nyunyiza asubuhi mapema au jioni, jua lisiyachome majani. Wala usichanganye vyote vinne kwa sababu tu nimeviandika vyote vinne. Mgomba wenye upungufu wa zinki upewe zinki.

Zile chupa za rangi zinazouzwa kama vitamini za mimea sizichukii, lakini nazitazama kama ninavyozitazama zile sharubati za multivitamini ambazo akina mama hunidai niandike hata mtoto akija na kidole kilichokatwa. Zina kila kitu kidogo kidogo. Aliyepungukiwa sana na kitu kimoja hazimfikishi mbali, na asiyepungukiwa humwaga pesa chooni, kwa maana halisi ya neno hilo.

Lakini bomba si mwanzo wa kazi. Mwanzo ni samadi iliyooza vizuri, na kurudisha shambani kile ambacho mgomba umekitoa shambani. Shina lililokatwa na majani makavu yakatwekatwe na kutandazwa pale pale, si kuchomwa. Fikiri kuhusu lori linalotoka Kisii usiku likielekea Marikiti. Limebeba ndizi, ndiyo, na pia limebeba potasiamu, na zinki, na boroni ya shamba la mama yako. Sisi wa mjini tunakula, maganda yanaishia Dandora, na hakuna lori linalorudi na chochote. (Usiniambie basi turudishe taka za Dandora kama mbolea. Uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2007 ulikuta risasi, yaani ledi, katika udongo wa pale na katika damu ya watoto wanaokaa karibu. Mboji ya maganda safi, sawa. Mboji ya jaa, hapana.)

Yule bwana alisikiliza haya yote kwa makini, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. "Daktari, kama zinki ndiyo inayopungua kwa wote, si nikinunua kilo moja ya shamba nimpe na mtoto kidogo?"

Hapana! Tafadhali, hapana. Zile gramu 100 za salfeti ya zinki zinazoingia katika bomba moja zina zinki ya vidonge zaidi ya 1,000 vya watoto. Kijiko kimoja cha chai kinaweza kumtapisha mtoto damu. Tena bidhaa ya shambani haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu, na inaweza kuwa na madini mengine yenye sumu. Salfeti ya shaba ni mbaya zaidi, kwa kuwa ina rangi ya buluu inayovutia kama peremende. Nimewahi kumpokea usiku mtoto aliyekunywa dawa ya shamba iliyotiwa kwenye chupa ya soda na kuachwa chini ya kitanda. Aliishi. Bado nikiona chupa ya soda isiyo na kifuniko chini ya kitanda cha mtu, moyo hunidunda. Ukituma pesa za pembejeo, tuma na pesa za kufuli.

Zinki ya mtoto anayeendesha ni kidonge kinachoyeyuka, hutolewa pamoja na maji ya ORS. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri hivyo mwaka 2004, kwa muda wa siku 10 hadi 14, hata kama kuendesha kumekoma siku ya tatu. Kipimo kilikuwa miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Utafiti mkubwa uliofanywa India na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kipimo kidogo zaidi hufaa vilevile na hakitapishi sana. Fuata atakachoandika mhudumu wako. Kosa ninaloliona mimi si la kipimo, ni la akina mama kuacha vidonge siku mtoto anapopata choo kigumu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo wengi watabisha. Kuna wanaosema kwamba tukiutia udongo zinki, ndizi itakuwa na zinki, na mtoto anayekula ndizi atapona. Kwa baadhi ya mazao wazo hilo si la kipuuzi. Finland ilianza kutia seleniamu katika mbolea za nchi nzima katikati ya miaka ya 1980, na seleniamu ikapanda katika damu za wananchi. Huko Uturuki mbolea ya zinki iliongeza mavuno ya ngano na zinki katika punje. Lakini ndizi si ngano. Gramu 100 za ndizi zina zinki ya takriban miligramu 0.15 na chuma cha takriban miligramu 0.26. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji kama miligramu 3 za zinki na 7 za chuma kwa siku. Piga hesabu: ale kilo mbili za ndizi zilizomenywa ili apate zinki yake, na zaidi ya kilo mbili na nusu ili apate chuma. Hata ukiiongeza zinki ya ndizi maradufu kwa mbolea, bado atatakiwa kula kilo nzima kila siku. Tumbo lake halina nafasi hiyo.

Ndizi ni chakula chema. Ina nguvu, ina potasiamu, ina vitamini B6, na mgonjwa wa tumbo huimudu. (Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu ndiye namwambia aiogope, kwa sababu ya hiyo hiyo potasiamu.) Lakini haikuumbwa kuwa chakula pekee cha mtoto. Na tuna ushahidi kwamba njaa hii iliyofichika si ya nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa virutubishi wa mwaka 2011 ulikuta zaidi ya watoto 8 katika kila 10 wenye umri wa chini ya kwenda shule wakiwa na upungufu wa zinki.

Serikali haikukaa kimya. Chumvi yetu hutiwa iodini kwa sheria tangu miaka ya 1970, na tangu 2012 sheria inawataka wasagaji wa viwandani watie chuma, zinki na vitamini kadhaa katika unga wa mahindi na wa ngano. Mpango mzuri. Lakini ni nani anayenunua unga wa pakiti? Ni wewe na mimi wa Nairobi. Nyanya wa Kisii hupeleka mahindi yake kwenye kinu cha karibu, na ndizi huikata nyuma ya nyumba. Hakuna kiwanda kati ya mgomba na sufuria ambako mtu anaweza kutia chochote. Wakuu wetu wanapohesabu tani za unga ulioongezwa virutubishi, nawaomba wahesabu pia watoto ambao unga huo hauwafikii. Na wizara za afya na kilimo zikiweza kutuma afisa mmoja mmoja katika kijiji kile kile, siku moja ya mwaka zingewatuma pamoja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Tia zinki shambani, ukishapima, kwa sababu ya mkungu. Mkungu mzito huleta pesa. Pesa ndizo zitakazomletea mtoto zinki, lakini zikienda tu mahali panapofaa: omena, mayai, maini mara moja moja, maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, uji uliochachushwa. Managu, saga na terere hukua karibu bure chini ya migomba hiyo hiyo. Na ile chai ya rangi anayopewa mtoto pamoja na chakula, kwa sababu majani ya chai yako mlangoni, iondolewe. Huuzuia mwili kukichukua chuma kidogo kilichopatikana. Hili la chai limenigombanisha na wazee wengi kuliko jambo lingine lolote katika kazi yangu.

Yule bwana alirudi baada ya miezi mitatu. Mkononi alikuwa na karatasi mbili: majibu ya udongo kutoka Kabete na kadi ya kliniki ya mtoto. Zinki ya udongo ilikuwa chini, tena chini sana, na fosforasi ilikuwa juu. DAP tumeisimamisha kwa sasa, na jivu litafutiwe mahali pengine. Mtoto, ambaye amerudishwa kwa nyanyake, haendeshi tena na uzito umeongezeka. Kimo bado, wala miezi mitatu si muda wa kukipima kimo kwa haki.

Lililobaki ni mayai. Nyumba ile ina kuku sita wanaotaga, na baba mtu alikuwa ameagiza kwa simu kwamba mtoto apewe yai kila siku. Mama yake alimjibu kwamba mayai ni ya kuuza na ndizi ni za kula, na kwamba ndivyo alivyomlea yeye mwenyewe mpaka akafika Nairobi. Sikuwa na jibu la haraka la kumtuma nalo. Nimemwomba mwezi ujao aje kliniki na mama yake, aje na hesabu za kuku na za mikungu, tuzipige pamoja mezani.